Mwandiko wa Mrima: Ugomvi wa kanuni za kuandika Kiswahili Tanga na pwani yake

Katika pwani ya Mrima, kuanzia Jasini kushuka Tanga, Tongoni na Pangani hadi Saadani, watu wamegombania namna bora ya kuandika Kiswahili kwa zaidi ya miaka mia moja. Ugomvi haukuwa juu ya maana ya maneno. Barua ya herufi za Kiarabu na barua ya herufi za Kirumi ziliweza kubeba ujumbe uleule, na zikisomwa kwa sauti msikilizaji asijue ipi ni ipi. Kilichogombaniwa ni mwandiko wenyewe: sauti hii iandikwe kwa herufi gani, neno likatwe wapi, na nani mwenye haki ya kusema kwamba mwandiko huu ni mzuri na ule ni wa ovyo. Hoja nzuri zilikuwepo pande zote. Hata hivyo, karibu kila mara kanuni iliyoshinda ilikuwa ya mwenye mtambo wa chapa na mwenye kutoa ajira.

Mwandiko wa kwanza ulitoka chuoni. Mtoto wa Kiislamu wa pwani alipelekwa kwa mwalimu kusoma Kurani, na aliyefika mbali kidogo aliweza kuzitumia herufi zilezile kuandika lugha ya nyumbani. Wenye ujuzi huo hawakuwa wengi, lakini walitosha kuendesha mji. Majumbe na maliwali waliandikiana na Unguja, wafanyabiashara wakaandikiana na wenzao wa bara juu ya pembe na madeni, na wosia na hati za mashamba zikawekwa sandukuni. Barua ilikuwa na adabu zake: maamkizi na dua kwa Kiarabu mwanzoni, kisha shauri lenyewe kwa Kiswahili. Mjerumani C.G. Büttner, aliyefundisha Kiswahili Berlin, alikusanya maandishi ya aina hiyo na kuyachapisha mwaka 1892, na ndani yake mtu huona jinsi shughuli nzima za pwani zilivyokuwa zikiendeshwa kwa mwandiko huo kabla Mzungu hajafungua ofisi hata moja.

Shida ni kwamba herufi za Kiarabu zilitengenezwa kwa ajili ya lugha nyingine. Alama za irabu ni tatu, fataha, kasra na dhamma, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Kasra ikabeba *i* na *e*, dhamma ikabeba *u* na *o*, hata *toa* na *tua* zikawa na umbo moja. Kwa upande wa konsonanti mambo yalikuwa magumu zaidi. Kiarabu hakina *p*, *v*, *ch* wala *ng'*, na waandishi wa zamani mara nyingi waliziacha *m* na *n* zinazotangulia konsonanti nyingine. Herufi ya *b* ikafanya kazi ya *b*, *p* na *mb*. Mtu akikuta neno la silabi mbili, be na te, zote zikiwa na fataha, anaweza kulisoma *bata*, *pata* au *mbata*. Muuza nazi aliyeandikiwa kwamba mbata zimefika Pangani hakutilia shaka kwamba zinazosemwa ni nazi kavu. Mtu wa mbali, asiyejua biashara yenyewe, angeweza kabisa kusubiri bata.

Wenyeji waliotetea mwandiko huo hawakuiona kasoro hiyo kuwa kubwa, na walikuwa na sababu. Barua za siku zile hazikuandikwa ili zisomwe na yeyote. Zilikwenda kwa mtu anayejulikana, juu ya jambo linalojulikana, na mara nyingi zilisomwa kwa sauti na mtu aliyezoea kuzisoma. Katika tenzi msomaji alikuwa na msaada zaidi, kwa kuwa kila kipande kina mizani nane na vina vyake, na neno lisilokaa katika mizani linajikataa lenyewe. Juu ya hayo, herufi zile ni za Kurani. Kuziongezea nukta na alama za kubuni, kwa ajili ya lugha ya sokoni, lilikuwa jambo ambalo wengine walilionea ukakasi.

Upande wa pili uliona mbali zaidi ya barua. Mwandishi akifa, na anayejua jambo lile akifa, karatasi inabaki bubu. Kwa hiyo mara kwa mara walitokea watu wa kuongeza herufi. Kule Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua alifanya kazi na mmisionari W.E. Taylor ya kuuweka mwandiko huo wazi zaidi, kwa alama za kutenganisha sauti ambazo Kiarabu hakizitenganishi. Miaka mingi baadaye Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, wa Mombasa pia, alikuja na mpangilio wake. Kila mtengenezaji alikuwa na nukta zake, na hakuna mpangilio uliokubaliwa pwani nzima. Mtambo wa chapa ndio ungeweza kuchagua mmoja na kuuzoesha macho ya watu, lakini mtambo ulipofika Mrima haukuja na herufi za Kiarabu.

Kazi kubwa kuliko zote iliyoandikwa Tanga kwa mwandiko wa zamani inahusu ujio wa wageni Wajerumani. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mwanachuoni wa ukoo uliojulikana kwa ukadhi na utunzi, alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, mwaka 1307 wa Hijra. Ni habari za machafuko yaliyoanza Pangani mwaka 1888, pale kampuni ya Kijerumani ilipojaribu kushika pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, na ambayo kiongozi wake, Abushiri bin Salim, alinyongwa palepale Pangani Desemba 1889. Utenzi ulikaa katika hati za mkono kwa zaidi ya nusu karne, hadi J.W.T. Allen alipouchapisha kwa herufi za Kirumi katika miaka ya 1950. Kila anayehamisha kazi ya aina hiyo hulazimika kuamua, neno kwa neno, kama ni *e* au *i*, *p* au *mb*. Hivyo msomaji wa leo hapati Hemedi peke yake. Anapata pia maamuzi ya mhariri.

Herufi za Kirumi ziliingia nyuma ya Tanga kabla Wajerumani hawajafika, kupitia misheni. Edward Steere wa Universities' Mission alichapisha mwaka 1870 kitabu chake cha kujifunzia Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja, na ndani yake aliweka kanuni nyepesi: irabu zisomwe kama za Kiitalia, konsonanti kama za Kiingereza. Hapo ndipo zilipotoka *sh*, *ch*, *j*, *y*, *th* na *dh* tunazoziandika hadi leo. Misheni hiyo ilikuwa na kituo Magila, katika nchi ya Bondei, safari fupi kutoka bandari ya Tanga. Kuanzia mwaka 1875, chini ya J.P. Farler, kituo kilikua hasa, na vijana wa Kibondei wakasomeshwa Kiswahili cha Steere, wengine wakapelekwa shule ya misheni ya Kiungani, Unguja. Ikawa bara ya Tanga ina wasomi wa Kirumi na mji wa Tanga una wasomi wa Kiarabu, wakizungumza lugha moja bila matata lakini wasiweze kusomeana barua.

Wajerumani walipochukua nchi, walikuja na desturi ya tatu. Kijerumani huandika *sch* mahali pa *sh*, *tsch* mahali pa *ch*, na *j* mahali pa *y*. Ramani zao zikajaa Moschi, Aruscha, Kilimandscharo, Bagamojo, Udjidji na Muansa. Mtu angetazamia kwamba vitabu vya Kiswahili navyo vingeandikwa hivyo. Havikuandikwa hivyo. Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali kabla ya kufundisha Berlin, alichapisha mwaka 1903 maandishi ya Waswahili wenyewe kwa jina la *Desturi za Wasuaheli na khabari za desturi za sheri'a za Wasuaheli*. Jina la kitabu peke yake linatosha: *Suaheli* ni Kijerumani, *sheri'a* ina *sh* ya Steere pamoja na alama ya kumkumbusha msomaji ile 'ain ya Kiarabu, na *khabari* ina *kh* ya koo ambayo mtu wa chuoni angeidai. Kanuni tatu zimekaa kwenye jalada moja bila kugombana. Serikali ileile iliyoandika Moschi kwenye ramani ilikuwa ikisoma *shamba* na *shauri* katika vitabu vyake vya lugha, na hakuna aliyejishughulisha kuoanisha.

Kilichofanya Tanga iwe mahali pa maamuzi ni shule. Shule ya kwanza ya serikali katika koloni zima ilifunguliwa hapo mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kwa miaka mingi ilikuwa chini ya Paul Blank. Tofauti na za misheni, haikuwa ya kubatiza watu, na hilo lilikuwa jambo la lazima katika mji wa Kiislamu ambako vinginevyo wazazi wangekataa katakata kuwapeleka watoto. Kusudi lake lilikuwa kutoa makarani, walimu, wakalimani na maakida wanaoweza kupokea amri kwa maandishi na kujibu kwa maandishi. Lugha ya shule ilikuwa Kiswahili, na herufi zilikuwa za Kirumi. Waliomaliza walipelekwa kufundisha na kufanya kazi za ofisi sehemu za bara ambako Kiswahili kilikuwa bado cha wapita njia, wakaenda na mwandiko wa Tanga.

Shule ilikuwa pia na karakana ya kupiga chapa, na wanafunzi walijifunza kazi humo. Katika muongo wa kwanza wa karne ya 20 karakana hiyo ilianza kutoa gazeti la kila mwezi, *Kiongozi*, lililoendelea hadi vita vilipolikatisha mwaka 1916. Gazeti lilikuwa la serikali, lenye matangazo na sifa za Kaizari kama ilivyotarajiwa, lakini makarani na walimu Waafrika waliliandikia kutoka vituo vyao: habari za mvua, za safari, za ugomvi na majirani, pamoja na mashairi. Umuhimu wake kwa historia ya mwandiko uko hapo. Barua ya gazeti haina mtu mmoja anayeijua tayari. Mwandishi yuko Tabora, msomaji yuko Lindi, na katikati yuko mpanga herufi wa Tanga mwenye sanduku la herufi za risasi. Sanduku hilo halina nukta za kuongeza wala kasra, na mahali pa kukata neno huamuliwa na mkono wa mpangaji.

Kukata neno, kwa kweli, kulileta usumbufu mkubwa kuliko herufi. Katika mwandiko wa Kiarabu vijineno vifupi hushikamana na neno linalofuata, na aliyezoea kalamu hiyo angeweza kuandika *nawatu* au *yamji* bila kuona kosa lolote. Kinyume chake, Mzungu aliyejifunza kitenzi cha Kiswahili kwa kukipasua vipande, kiambishi cha nafsi, cha wakati, cha urejeshi, kisha kitenzi chenyewe, alivutika kuandika vipande hivyo mbalimbali, *a li po kuja*, kama vile ni maneno manne. Kila upande uliandika kwa mantiki yake. Anayesoma kwa sauti husikia kitu kilekile, na mwenye kusoma kimyakimya hukwama. Kanuni ya kitenzi kimoja neno moja, na kihusishi peke yake, ambayo leo mtoto wa darasa la pili anaijua, ilichukua miongo kadhaa kutulia.

Kabla ya vita vya 1914 maofisa wa Kijerumani waliweza kuwaandikia majumbe na maakida kwa Kiswahili cha Kirumi na kupata majibu ya mwandiko huohuo. Kwa utawala hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Kwa wazee wa mji yalikuwa na uchungu. Mtu aliyeandikiwa na Sultani na kumjibu, aliyeandika wosia wa nusu ya mji, sasa alihesabiwa hajui kusoma, na kijana wa miaka kumi na minane kutoka shuleni ndiye aliyesomewa jina kwenye orodha ya ajira. Baadhi ya wataalamu wa Kijerumani waliyataka hayo kwa makusudi. Carl Meinhof, bingwa wa lugha za Kibantu, alikuwa miongoni mwa waliotaka Kiswahili kitengwe na herufi za Kiarabu, kwa hofu kwamba mwandiko huo ulikuwa ukiusambaza Uislamu bara. Kwa hiyo hoja ya ufundi, kwamba Kirumi hutofautisha *bata* na *mbata*, ilipanda gari moja na hoja ya siasa, na wazee walijua vizuri ipi ilikuwa inaendesha.

Waingereza waliuteka mji wa Tanga Julai 1916. Makarani wa zamani wa Kijerumani wakakutana ofisini na wale wa Universities' Mission, na wa misheni wakawa na bahati zaidi kwa sababu walijua Kiingereza. Mashuhuri wao alikuwa Martin Kayamba, Mbondei aliyesomea Kiungani, aliyeanzisha Tanga mwaka 1922 chama cha watumishi Waafrika wa serikali, Tanganyika Territory African Civil Service Association. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na wenzake kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, na baadaye akaandika *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*. Makarani wa namna yake walikuwa wakifanya kazi ya mwandiko kila siku, kutafsiri, kunakili, kupiga taipu, na desturi za mezani kwao zilisambaa kuliko kitabu chochote cha sarufi. Nako Dar es Salaam gazeti la serikali *Mambo Leo* lilianza Januari 1923, na mahali palipokuwa pa karakana ya Tanga pakahamia huko.

Kilichofuata kinajulikana zaidi. Mkutano wa elimu wa Dar es Salaam mwaka 1925 uliona haja ya Kiswahili kimoja cha shule. Mkutano wa Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilianza kazi, Frederick Johnson akiwa katibu. Kamati ilipitia miswada ya vitabu vya shule, na mwandishi ambaye kitabu chake hakikukubaliwa hakuwa na soko, kwa kuwa mnunuzi mkubwa alikuwa idara ya elimu. Kamusi zake za mwaka 1939 zilijengwa juu ya zile za A.C. Madan, naye Madan alikuwa mtu wa misheni ileile ya Steere. Kwa njia hiyo kanuni za kitabu cha mwaka 1870 zikawa sheria ya nchi nne.

Wapinzani wakubwa walikuwa Mombasa. Wamisionari wa huko walikuwa na vitabu vyao kwa Kimvita, na washairi wa Kimvita walikuwa na hazina ya karne nyingi. Walilalamika, kwa haki, kwamba kanuni mpya inafuta tofauti za kweli, mathalani *t* yenye kupumuliwa na ile isiyopumuliwa, ambazo mtu wa Mombasa huzisikia waziwazi na ambazo hubadilisha maana. Jibu la Kamati lilikuwa la mtu mwenye shule elfu za kuhudumia: alama nyingi humchosha mwalimu na mpiga taipu. Kwa sababu hiyohiyo pendekezo lingine lilianguka. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, kutoka London, ilikuwa imetoa mwaka 1927 mwongozo wa tahajia kwa lugha za Afrika, ambamo *c* peke yake ilisimama mahali pa *ch*, na herufi mpya *ŋ* mahali pa *ng'*. Kwa mtaalamu wa fonetiki ulikuwa mwongozo safi kabisa. Kiswahili kilibaki na *ch* na *ng'* kwa sababu vitabu vilikwishachapwa hivyo na taipureta hazikuwa na *ŋ*.

Tanga haikupiga kelele kama Mombasa. Lahaja zake, Kimrima na Kimtang'ata cha upande wa Tongoni, ziko karibu na Kiunguja kiasi kwamba kanuni mpya haikuonekana kuwa ya kigeni. Pia haikuwa na misheni yenye maghala ya vitabu vya lahaja ya kuyatetea. Kimtang'ata kilingoja hadi mwaka 1956 ndipo W.H. Whiteley akakiandikia utafiti. Ukimya huo haukuwa na faida tupu. Maneno ya pwani ya kaskazini yaliingia katika Kiswahili sanifu kwa kalamu za watu binafsi tu, bila kutetewa na mtu katika kikao.

Kalamu yenye nguvu kuliko zote ilikuwa ya Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, akasoma Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 1926 akawa karani wa forodha. Baadaye alifanya kazi katika idara ya wanyama, kisha Tanga katika ofisi ya wilaya na ya upimaji ardhi. Alikuwa mtoto wa mwandiko wa ofisi kwa kila hali, na hakuwahi kuudharau. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Witwatersrand kilimchapishia *Kielezo cha Insha*, kitabu cha kuonyesha kwa vitendo namna ya kuandika insha nzuri ya Kiswahili. Kabla yake, miongozo ya kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi ilikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya Wazungu. Mwaka huohuo Kaluta Amri Abedi alitoa *Sheria za Kutunga Mashairi*, akiweka kwa maandishi kanuni za vina na mizani ambazo washairi walikuwa wakizirithi kwa kusikia. Shaaban alikaa pia katika Kamati, ambayo ilianza bila Mwafrika hata mmoja, na alijaribu kuwa na kampuni yake ya kuchapisha hapohapo Tanga. Kampuni haikumtajirisha. Alijua, inaelekea kwa uchungu, kwamba kuwa na mwandiko mzuri na kuwa na mtambo wa kuuchapa ni mambo mawili.

Wakati huo mwandiko wa Kiarabu ulikuwa haujafa. Ulikuwa umerudi nyumbani. Mabibi waliokwenda chuoni na hawakupelekwa shule waliendelea kuandikiana kwa huo. Makadhi waliutumia. Sheikh Ali bin Hemedi al-Buhriy, mwana wa yule mtunzi wa utenzi na kadhi wa Tanga, aliandika juu ya sheria ya mirathi, na kitabu kikachapwa Nairobi mwaka 1923 pamoja na tafsiri na maelezo ya ofisa P.E. Mitchell, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Kenya. Serikali iliyodai kwamba mwandiko wa zamani umepitwa na wakati ilihitaji watu wa mwandiko huo kila mtu alipofariki akaacha shamba. Hata mwaka 1945 Allen aliona inafaa kuwatolea wanafunzi wa Kiswahili mwongozo wa kusoma herufi za Kiarabu, na miswada aliyoikusanya na kuiorodhesha imo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Baada ya uhuru mambo ya mwandiko yalipewa ofisi. Kamati ya zamani iligeuka mwaka 1964 kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria mwaka 1967, na *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ikatoka mwaka 1981. *Khabari* ya Velten ilikwishakuwa *habari*, na *sheri'a* ikawa *sheria*. *Dh*, *th* na *gh* zilibaki, ingawa Watanzania wengi wa bara husema *z*, *s* na *g*, na mwalimu hukata maksi kwa hilo kila siku.

Kompyuta ilileta ugomvi wa jamaa moja na huo, lakini kwa watu wengine kabisa. Mfumo endeshi wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, umeandikwa na maelfu ya watu kwa lugha ya programu inayoitwa C. Katika lugha hiyo nafasi tupu na mistari mipya karibu hazina maana kwa mashine. Mtu anaweza kuweka mabano mwisho wa mstari, kama walivyofanya Brian Kernighan na Dennis Ritchie katika kitabu chao cha mwaka 1978, au kuyaweka mstari wake peke yake na kusogeza ndani kwa nafasi mbili, kama wanavyotaka watu wa mradi wa GNU wa Richard Stallman. Programu itafanya kazi ileile. Hata hivyo Torvalds aliandika mwongozo wa mtindo, akaagiza kusogeza ndani kwa nafasi nane, na akafungua kwa mzaha kwamba kanuni za GNU zichapishwe zisisomwe, zichomwe moto. Sababu yake ya nafasi nane ni kwamba programu iliyosogezwa mara nyingi mno itagonga ukingo wa skrini, na mwandishi atajua ameitatiza. Wapinzani wamejibu kwamba skrini za leo ni pana. Mwaka 2020 kipimo cha mstari kikalegezwa kutoka herufi 80 hadi 100. Kipimo cha 80 kilitokana na skrini za zamani, nazo zilikifuata kipimo cha kadi za kutoboa. Kanuni ilidumu miaka mingi baada ya chombo kilichoizaa kutoweka, sawasawa na *ng'* ya taipureta.

Kufanana kunakwenda mbali zaidi. Anayetuma kipande cha programu kwa Linux hukipitisha kwanza kwenye programu ndogo ya ukaguzi inayoonyesha makosa ya mtindo, na msimamizi wa sehemu ile anaweza kukirudisha kwa sababu ya nafasi tupu tu. Wenye hasira husema huo ni upuuzi, kwa kuwa mashine haijali. Wasimamizi hujibu kwamba mwandiko ni kwa ajili ya mtu wa kesho atakayetakiwa kutafuta kosa katika kazi ya mtu asiyemjua. Hoja hiyo ni nzuri, na ndiyo ileile iliyowashinda watetezi wa mwandiko wa chuoni: barua kwa rafiki inaweza kuacha mengi, gazeti haliwezi. Lakini haielezi kwa nini nafasi ziwe nane na si nne. Hilo linaelezwa na nani anayeshika mlango.

Programu huria zenyewe zilikuja Afrika Mashariki zikiwa na ugomvi huo ndani. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi kwa Kiswahili sanifu, na watafsiri wakalazimika kukubaliana juu ya mamia ya istilahi kabla ya kukubaliana na mashine. Kwa upande wa herufi za Kiarabu, kompyuta imeondoa kikwazo cha kale: herufi za *p*, *ch* na *v* zenye nukta za kuongeza, ambazo sanduku la mpanga herufi wa Tanga halikuwa nazo, zimo katika mfumo wa Unicode, na miswada inaweza kuchapwa kama ilivyoandikwa. Wanaoifanya kazi hiyo bado ni wachache.

Mapinduzi ya mwandiko yaliyofikia watu wengi zaidi hayakupitia ofisi yoyote. Ujumbe wa simu ulipoenea katika miaka ya 2000, kila mmoja ukiwa na kikomo cha herufi 160 na bei yake, vijana wa Tanga kama wa kwingineko wakaanza kuandika *cjui* kwa *sijui*, na *xaxa* kwa *sasa*. Herufi *c* iliyokataliwa enzi za Kamati ilipita mlangoni ikiwa na kazi tofauti, na *x*, ambayo Kamati haikuifikiria hata kidogo, ikaingia nayo. Wahariri wa magazeti na Baraza la Mitihani hawajaikubali hata moja kati ya hizo mbili.